Nipe Zote Mkononi

Liko neno moja ambalo kijana wa kwetu hulisema siku anapoandikwa kazi ya dukani, na hulisema kwa fahari kama mtu aliyeshinda kesi: "Tajiri, mimi usinikate kitu, nipe zote mkononi." Tajiri hutabasamu, hukubali upesi, na wawili hao huagana siku hiyo kama ndugu wa tumbo moja. Nimekusudia kulipinga neno hilo katika kurasa hizi, kwa sababu nimeliona likidhuru watu ninaowapenda, na kwa sababu wewe, msomaji, uliye darasani leo, yamkini utasimama nyuma ya meza ya duka kabla ya miaka mitano kupita. Si aibu kusimama hapo. Kazi ya duka ni kazi ya heshima, tena ina hesabu nyingi kuliko kazi kadha wa kadha za ofisini. Ndiyo sababu hunishangaza kuona mtu awezaye kumfuata mteja hata njiani kwa kumdai shilingi tano za chumvi, akiachilia maelfu yake mwenyewe yapotee bila ya kuuliza yamekwenda wapi.

Golbanti, kijiji ambacho vitabu vya historia hukitaja kwa ajili ya wamisionari wawili, mume na mke, waliouawa hapo mwaka 1886, na ambacho sisi tunaokaa karibu nacho hukitaja zaidi kwa ajili ya maembe na mafuriko, si mahali pa maduka makubwa. Kijana wa Golbanti akimaliza shule, na shamba la baba lisipomtosha, hupanda pikipiki kwenda Garsen kutafuta kazi. Huko hufungua milango ya duka alfajiri, hubeba magunia, hupima mchele na maharagwe, huandika madeni ya wateja daftarini, na hufunga milango usiku. Wanafunzi wangu wa zamani hunikaribisha kwa furaha kila ninapoingia katika maduka hayo, na aghalabu hunipunguzia bei ya sabuni. Nami huwauliza swali lile lile kila mara, hata wamelizoea: "Umeandikishwa?" Wengi hucheka. Mmoja hachekі tena.

Kijana huyo sitamtaja jina, wala duka sitalitaja. Mshahara wake ulikuwa shilingi 9,000 kwa mwezi, zote mkononi, kwa muda wa miaka mitatu. Mwezi wa Novemba 2023, siku ambazo mvua za El Nino ziliujaza Mto Tana hata maji yakaingia mashambani na majumbani, ngiri aliyokuwa akiificha kwa karibu mwaka mzima ilimbana usiku. Sina elimu ya udaktari ya kunijuza kama ni magunia yaliyomtia ngiri hiyo. Lakini ninajua kwamba alibeba magunia, na kwamba aliogopa kusema anaumwa asije akaambiwa hafai kazi. Alipitishwa majini kwa mtumbwi, akapakiwa juu ya pikipiki, kisha katika gari, mpaka akafika penye daktari wa kupasua. Alipona, ashukuriwe Mungu. Gharama yote, pamoja na safari, ilikuwa shilingi 38,000.

Wakati ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, ulikuwa ungali hai. Mtu wa mshahara kama wake alipaswa kukatwa shilingi 400 kwa mwezi, na mfuko ungemlipia sehemu kubwa ya upasuaji ule. Yeye hakukatwa hata senti moja, na kukimbilia kujiandikisha siku ya ugonjwa hakukuwa na faida, maana mwanachama mpya wa hiari alitakiwa kungoja kwanza ndipo alipiwe. Basi jamaa na wafanyakazi wenzake walichanga shilingi 12,500. Baiskeli yake iliuzwa kwa shilingi 5,500. Zilizobaki, shilingi 20,000, alimkopa tajiri wake. Na tajiri, kwa moyo mwema kama watu walivyosema, akakubali kuzikata katika mshahara shilingi 2,000 kila mwezi, kwa miezi kumi.

Tazama jambo hili vizuri, msomaji, kwa sababu ndilo lililonishikisha kalamu. Tajiri yule alikuwa amesema miaka yote kwamba hana karani wa kufanya hesabu za makato; kwamba makato ni usumbufu, na duka lake ni dogo. Siku aliyodai fedha zake, karani alipatikana. Daftari lilipatikana. Hesabu ilifanywa barabara, mwezi kwa mwezi, bila ya kuruka hata mmoja. Makato ya shilingi 400 yalikuwa mzigo usiobebeka. Makato ya shilingi 2,000 yaliitwa fadhila. Na kijana mwenyewe, aliyekuwa akijisifu kwamba hakatwi, alikatwa mara tano ya vile ambavyo sheria ingemkata kwa bima ya hospitali, naye akashukuru.

Tena alishukuru mahali ambapo pengine alikuwa na haki ya kudai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 34, humtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi wake aliyeugua anapata dawa zinazofaa, na ugonjwa ukiwa mzito anapata matibabu ikiwa yanapatikana. Mwajiri huondolewa wajibu huo pale ambapo mfanyakazi anatibiwa bure na serikali, au na bima iliyowekwa kwa sheria. Sasa fikiri: kijana hakutibiwa bure, na bima hakuwa nayo, kwa kuwa aliyepaswa kumwandikisha hakumwandikisha. Je, zile shilingi 20,000 zilikuwa deni la nani? Siku kumi na nne alizolala kitandani hakulipwa vilevile, ilhali kifungu cha 30 cha sheria hiyo hiyo humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini, akiwa na cheti cha daktari, siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika mwaka. Utasema kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyeomba asikatwe. Ni kweli, lakini watu wawili hawawezi kukaa dukani wakapatana kuiondoa sheria ya nchi, kama vile wasivyoweza kupatana kwamba ratili moja ni nusu ratili.

Kwa nini tajiri hutabasamu upesi namna ile? Hapa pana siri, nayo ni ya hesabu tu. Chukua mshahara wa shilingi 10,000. Mfanyakazi aliyeandikwa kwa mujibu wa sheria hukatwa shilingi 300 za bima ya afya, shilingi 600 za hazina ya uzeeni, NSSF, na shilingi 150 za tozo ya nyumba. Jumla ni shilingi 1,050. Kijana huziona hizo, na moyo humwuma. Asizoziona ni zile ambazo tajiri hulazimika kuzitoa katika mfuko wake mwenyewe juu ya mshahara: shilingi 600 nyingine za uzeeni na shilingi 150 nyingine za nyumba, yaani shilingi 750 kila mwezi, kwa kila mfanyakazi. Kijana anaposema "nipe zote mkononi," humsamehe tajiri shilingi 9,000 kwa mwaka. Duka lenye wafanyakazi wanne huokoa shilingi 36,000. Nani asiyetabasamu akipewa zawadi kama hiyo na mtu maskini kuliko yeye?

Labda umesikia kwamba makato ya afya yamekuwa makubwa mno siku hizi, na kwamba bora mtu ayakimbie. Hili nalo nataka tulipime, maana kilio hicho wafanyakazi wengi wa duka wamekiazima kwa watu wengine. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka, na mahali pake ikashika kazi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2023. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Nchi nzima ikapiga kelele. Walimu tulipiga kelele, nami nilikuwa miongoni mwao, tena si wa nyuma. Tulikuwa na sababu yetu: mtu wa shilingi 50,000 alikuwa akitoa 1,200, sasa atoa 1,375, mtu wa shilingi 100,000 alikuwa akitoa 1,700, sasa atoa 2,750. Lakini mtu wa shilingi 9,000 alikuwa akitoa 400, sasa atoa 300. Mtu wa shilingi 12,000 alikuwa akitoa 500, sasa atoa 330. Mtu wa shilingi 20,000 alikuwa akitoa 750, sasa atoa 550. Yuko aliyeumizwa miongoni mwa wadogo, nami sitamficha: mtu wa shilingi 5,000, ambaye mchango wake uliruka kutoka 150 hadi 300. Huyo alie, nasi tulie pamoja naye. Wengi wa waliobaki walikuwa wamepunguziwa mzigo, nao wakasimama barabarani wakilia kilio cha watu wenye magari.

NHIF ilipoanza mwaka 1966, waliolazimishwa kuingia walikuwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, nao siku zile walikuwa wakubwa wa kazi. Muuza duka hakuwamo. Watu wa tabaka lake waliachwa nje ya mlango kwa miaka. Leo sheria imeufungua mlango na kumwita kwa jina, naye anauruka ukuta kutoka nje.

Akitoka nje hufikia wapi? Asiye na mwajiri wa kumpelekea mchango wake huhesabiwa pamoja na wavuvi, wakulima na wachuuzi. Hao hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mbele, usiopungua shilingi 3,600, au wakope ili waulipe. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu: ni nani katika wazazi wenu awezaye kutoa shilingi 3,600 siku moja, katika mwezi wa ada za shule? Mikono iliyoinuka ilihesabika. Mfanyakazi aliyeandikwa hutoa kiasi hicho hicho kidogo kidogo, shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 10 kwa siku, nao mchango huo humbeba yeye, na mke au mume wake, na watoto wao. Huenda wewe unayesoma maneno haya umebebwa na mchango wa namna hiyo bila ya kujua.

Sasa nifike kwenye hoja nzito, ambayo sitaki kuikwepa. Watu husema: "Mwalimu, tukate tusikate, hospitalini dawa hakuna. Fedha huliwa juu, sisi huambiwa tukanunue kwenye duka la dawa." Nani atakayebisha? NHIF ilikufa ikiacha madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali. Mwezi wa Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi za mijini na vijijini kilitangaza kwamba wanachama wake watasimamisha huduma kwa wenye bima mpya, kwa sababu hawakulipwa. Anayekuambia kwamba mambo yote ni mazuri anakuuzia mchele wenye mawe. Lakini sikia pia upande wa pili. Katika zahanati na vituo vya afya mtu aliyejiandikisha hutibiwa kwa fedha za mfuko mwingine wa serikali, hata kama hajachanga. Hapo si penye hatari kubwa. Hatari iko pale unapovuka kituo na kuingia hospitali, kama ile ya Ngao au ya Hola, au unapopelekwa Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Hapo ndipo huulizwa kama mchango wako umefika.

Chukua uzazi. Mpango wa Linda Mama, uliowawezesha kina mama kujifungua bila ya malipo, uliingizwa katika mpango huu mpya, na sasa hospitali hutazama mchango wa mama au wa mumewe. Bima huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, na shilingi 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji. Gawa 30,000 kwa 300. Upasuaji mmoja ni sawa na michango ya miezi mia moja, yaani miaka minane na miezi minne. Hata dawa mbili tatu zikikosekana hospitalini ukazinunua nje, bado hesabu hiyo haikaribii kuwa sawa. Na aliyechanga, hospitali ikimfukuza, ana jambo la kushitaki, na mtu wa kumshitaki. Asiyechanga atamshitaki nani?

Wako pia wasemao kwamba jamaa ndio bima ya Mwafrika, na harambee itatosha. Naiheshimu harambee. Nimechanga, na nimechangiwa. Lakini chunguza ni nani hasa anayechanga. Ni mama muuza samaki, ni shangazi mwenye mbuzi wawili, ni mwalimu mkuu ambaye simu yake haipumziki. Kijana aliyekataa kutoa shilingi 300 zake kwa mwezi huwatuma watu hawa wamtolee elfu mbili mbili usiku mmoja. Zaidi ya hayo, harambee hupenda watu wenye ukoo mkubwa na sauti nzuri. Mgeni aliyetoka mbali kuja kuuza duka Garsen, hana shangazi hapo. Akiugua, hupitishiwa kofia mara moja, ikarudi na shilingi 800.

Nimewagombeza vijana vya kutosha. Sasa niwageukie matajiri, maana kosa lao ni kubwa zaidi na ukimya wetu juu yao ni wa miaka mingi. Katika makato matatu niliyoyataja, mwajiri huchanga sawa na mfanyakazi katika uzeeni na katika nyumba. Katika afya, hachangi hata shilingi moja. Yeye ni mchukuzi tu: huchukua fedha za mfanyakazi na kuzipeleka kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Jambo hili husemwa kama kwamba ni la maumbile, lakini silo. Ujerumani ilipoweka bima ya wagonjwa kwa sheria mwaka 1883, mfanyakazi alitoa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Tanzania iliweka mfuko wake wa bima ya afya kwa sheria ya mwaka 1999. Mchango ukawa asilimia 6 ya mshahara, 3 kutoka kwa mfanyakazi na 3 kutoka kwa mwajiri. Afya ya mwenye kubeba gunia ni faida ya mwenye gunia. Kwa nini upande huu wa mpaka abebe gharama yake peke yake? Mimi nasema sheria yetu ilipungua hapo, na Bunge lililoitunga laweza kuirekebisha. Maduka makubwa ya mijini, ambako chama cha wafanyakazi wa biashara, KUCFAW, kina nguvu, hujua kukaa mezani na kupatana juu ya mambo ya namna hii. Maduka ya Garsen bado hayajakaa mezani. Hata meza yenyewe hayajainunua.

Utaniambia, na ni haki yako kuniambia: "Mwalimu, wewe mshahara wako waingia benki kila mwezi. Mimi nikidai kuandikishwa nitaambiwa niondoke, na vijana kumi wako nje wanaingoja nafasi yangu." Sina jibu rahisi. Ningekuwa na jibu rahisi, kijana niliyemhadithia angalikuwa na baiskeli yake. Ninalojua ni kwamba mfanyakazi mmoja akidai hufukuzwa upesi, na wafanyakazi wote wa duka wakidai kwa pamoja, tajiri hufikiri kwanza ni nani atakayefungua milango kesho. Ninajua pia kwamba sheria humpa mfanyakazi haki ya kupewa karatasi inayoonyesha mshahara na kila kilichokatwa, na kwamba simu yoyote, hata ya kitufe, hufika SHA kwa kupiga *147#. Fanya hivyo, kwa sababu wako matajiri ambao hukata na wasipeleke. Na huo, kwa Kiswahili cha kawaida, ni wizi.

Mwaka 2025 mwanafunzi wangu yule na wenzake watatu walimwendea tajiri wao pamoja, jioni, baada ya kufunga. Alikasirika siku mbili, hakuitikia salamu. Siku ya tatu akauliza vitambulisho vyao viko wapi. Nilipopita hapo mwezi uliofuata, kijana aliniita nyuma ya duka akanionyesha karatasi yake ya malipo. Mshahara ulikuwa umefika shilingi 10,000, na mkononi alipokea 8,950. Alikuwa amenuna. "Mwalimu," akasema, "hizi elfu moja na hamsini zimekwenda wapi zote?" Tukachana mfuko mtupu wa unga, tukakaa juu ya gunia la maharagwe, tukaanza kuziandika moja moja, zake upande wa kushoto, za tajiri upande wa kulia.